Namna Ubongo Utambuavyo Neno: Mwongozo kwa Amfundishaye Mwenziwe Kusoma

Katika muda mfupi uliokuchukua kuyapitia maneno haya ya mwanzo, ubongo wako umekwisha kufanya kazi ambayo hakuna binadamu aliyezaliwa nayo: umezipokea alama nyeusi zisizo na sauti wala maana kwa nafsi yake, ukazipanga, ukazipa sauti, ukazipa maana, na yote hayo bila ya wewe kuhisi taabu yoyote. Kusema, mtoto hujifunza kwa kuwasikiliza wazazi wake na watu wa nyumbani. Lakini kusoma hakumjii mtu hivyo, bali sharti afundishwe, na kila afundishwaye hubadilika kidogo ndani ya ubongo wake, mahali panapojulikana na kwa kanuni zinazojulikana. Mwongozo huu nimemwandikia mzazi, mwalimu wa shule au wa chuo cha Kurani, na kila mtu aliyejitwika amana ya kumfundisha mwenziwe kusoma Kiswahili, awe huyo mwanafunzi ni mtoto wa miaka sita au bibi mwenye wajukuu. Nia yangu ni kueleza yanayotukia baina ya jicho na ubongo neno linapotambuliwa, na kulifuatishia kila jambo tendo la kufanya, maana nimeona jitihada nyingi njema zikipotea kwa sababu mwalimu alishika njia moja, na ubongo wa mwanafunzi ukawa unapita njia nyingine.

Na tuanze na jicho. Keti mbele ya mtu asomaye kimya, kitabu akiwa amekishika chini kidogo ya uso wake, ukaziangalie mboni zake. Pengine ulitazamia kuziona zikiteleza taratibu juu ya mstari. La, utaziona zinaruka na kutua, zinaruka tena na kutua, kama ndege adonoaye mtama uwanjani. Émile Javal, tabibu wa macho wa Paris, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuliandika jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1870, na vipimo vilivyofanywa baadaye vimeonyesha kwamba jicho la msomaji mzoefu hutua kwa kadiri ya robo ya sekunde, kisha huruka herufi saba hadi tisa, na katika ule mruko wenyewe halisomi chochote. Sababu ya kuruka ni kwamba sehemu ndogo tu iliyo katikati ya utando wa nyuma ya jicho ndiyo ionayo kwa ukali unaotosha kuzipambanua herufi. Ukitaka kuyakinisha, likazie macho neno moja katikati ya mstari huu, usiyaondoe hapo, kisha ujaribu kulisoma neno la nne kuliani kwake: utajua kuna maandishi, wala hutajua ni maandishi gani.

Hata hivyo jicho halikosi kupata habari za mbele. Kwa asomaye hati ya Kilatini, kituo kimoja huleta habari za herufi tatu au nne za kushoto na za kadiri ya herufi kumi na tano za kulia, ijapokuwa zile za mbali huja kama kivuli, yaani urefu wa neno lijalo na pengo lililo mbele yake. Kwa asomaye kutoka kulia kwenda kushoto mambo hugeuka: wasomaji wa Israel wajuao Kiebrania na Kiingereza walipopimwa mwaka 1981, ilidhihiri kwamba mtu yule yule huelekeza nadhari yake kushoto asomapo Kiebrania, na kulia asomapo Kiingereza. Watu wa pwani yetu wanaosoma msahafu chuoni na kitabu cha hisabati shuleni hulifanya geuzo hilo kila siku, nami naona ni neema kubwa ya akili ambayo aghalabu hatuitaji wala kuisifu.

Kutokana na haya, yako mambo machache ya kutenda. Mwanafunzi wako akitaka kufuata mstari kwa kidole, mwache, kwa sababu kidole humsaidia kujua jicho litue wapi; lakini kidole kikae chini ya neno, wala karatasi au mkono wako usiyafunike maneno yajayo, kwani ukiyafunika umelinyima jicho habari za mbele ambazo lingezitumia kuupima mruko wake. Ukimwandikia ubaoni au katika daftari, acha pengo la kutosha baina ya neno na neno. Tena usimkemee jicho lake linaporudi nyuma: hata msomaji hodari hurudi nyuma katika kadiri ya mruko mmoja kwa kila miruko kumi, na mwanafunzi hurudi zaidi ya hapo, kwa haki, maana anahakikisha alichokiona.

Sasa tuingie ndani ya kichwa. Mwaka 1887, huko Paris, mtu mmoja mwenye elimu yake, aliyekuwa mfanyabiashara, aligundua ghafula kwamba hawezi kusoma hata neno moja. Alisema vizuri kama kawaida yake, aliwatambua watu na vitu, alizisoma tarakimu na kufanya hesabu, na ajabu kubwa kupita zote ni kwamba aliweza kuandika: ukimsomea maneno aliyaandika, na barua aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, lakini ukimrudishia barua ile ile aliyoiandika hakuweza kuisoma. Herufi aliziona, akaweza hata kuzieleza umbo lake, ila hazikumwambia kitu. Akiongoza kidole chake hewani kana kwamba anaiandika herufi, jina lake lilimjia. Tabibu Joseph Jules Dejerine alimwangalia mtu huyu kwa miaka kadhaa, na mgonjwa alipofariki mwaka 1892, Dejerine aliupasua ubongo wake, akaona kwamba kiharusi kilikuwa kimeharibu sehemu ya nyuma ya upande wa kushoto, pamoja na uzi wa neva uletao habari za macho kutoka upande wa kulia. Kwa ufupi, macho yalikuwa yanaona na lugha ilikuwa salama, lakini daraja baina ya viwili hivyo lilikuwa limekatika.

Zaidi ya miaka mia moja ilipita kabla mahali hapo hapajatazamwa katika vichwa vya watu walio hai na wazima. Mwaka 2000 Laurent Cohen, Stanislas Dehaene na wenzao, Wafaransa pia, walionyesha kwa mashine za kupiga picha za ubongo kwamba sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, kushoto, kuelekea kisogoni, huamka mtu anapoona neno lililoandikwa. Sehemu hiyo hukaa mahali pamoja karibu kwa wasomaji wote, ijapokuwa mmoja anasoma Kichina, mwingine Kiarabu na mwingine Kifaransa. Na hata kwa vipofu wa tangu kuzaliwa wasomao Breli kwa ncha za vidole, mahali hapo hapo huamka. Kabla mtu hajajifunza kusoma, sehemu hiyo hushughulika na kutambua nyuso, vitu na maumbo mengine. Akijifunza, huingia kazi mpya, nayo hukaza nyuzi zake na sehemu za ubongo zishikazo sauti za maneno na maana zake.

Hapa nina neno kwa wale wadhanio kwamba mtu mzima amekwisha kupitwa na wakati. Mwaka 2010 ulitolewa uchunguzi uliofanywa kwa watu wazima 63 wa Brazil na Ureno: wengine hawakujua kusoma kamwe, wengine walijifunza ukubwani, na wengine walisoma shule tangu utotoni. Kwa wale waliojifunza ukubwani, sehemu ile ilikuwa imeamka kama ilivyoamka kwa wenzao, kwa kadiri ya uhodari wao wa kusoma. Tanzania ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, imani ya kwamba mzee anaweza kujifunza ilikuwa ni imani tu. Leo ni jambo lililoonekana kwa macho. Basi ukimfundisha mama yako au jirani yako mwenye mvi, usimpunguzie masomo kwa kumhurumia. Mpe marudio mengi na vipindi vifupi, lakini mpe yote.

Na kile kidole cha yule mgonjwa wa Paris kinatufundisha jambo la amali. Mkono una njia yake ya kuijua herufi. Kwa hiyo kila herufi mpya umfundishayo mtu, aiandike wakati huo huo aisomapo, kwa kidole mchangani, kwa chaki, au kwa kalamu juu ya ubao kama ifanywavyo chuoni, huku akiitamka sauti yake. Kutazama peke yake hakutoshi.

Swali linalowatenga walimu ni hili: ubongo hulitambua neno kwa umbo lake zima, kama picha, au kwa herufi zake? Mwaka 1886 James McKeen Cattell, Mmarekani aliyekuwa akisoma Leipzig, alionyesha kwamba neno fupi likionyeshwa kwa nukta moja ya muda hutambuliwa upesi kama itambuliwavyo herufi moja, au upesi zaidi. Wengi wakaondoka na hoja kwamba maneno husomwa kama picha, na katika nchi nyingi watoto wakawekewa kadi za maneno mazima wayakariri kwa sura. Hoja hiyo haikuwa sahihi. Mwaka 1969 Gerald Reicher alionyesha kwamba hata herufi moja huonekana vizuri zaidi ikiwa ndani ya neno kuliko ikiwa peke yake, na maelezo yaliyosimama hata leo ni kwamba msomaji mzoefu huzipokea herufi za neno zote kwa pamoja, na ujuzi wake wa neno huzirudia herufi na kuzisaidia kuonekana. Umbo silo limbebalo. Ukiandikiwa kItAbU namna hii, sura ya neno imeharibika, nawe umelisoma.

Lakini sisi tunayo hoja iliyo bora kuliko hizo, nayo imo katika lugha yetu wenyewe. Chukua herufi nne, a, i, l na m. Zipange, utapata mali. Zigeuze, utapata lima. Zigeuze tena, utapata mila, na lami, na imla. Au yatazame maneno alikata na alitaka: herufi ya kwanza ni moja, ya mwisho ni moja, na za katikati ni zile zile, ila mmoja alishika kisu na mwingine alikuwa na haja. Wako watu wadaio kwamba herufi za katikati zaweza kuvurugwa vyovyote maadamu ya kwanza na ya mwisho zimekaa mahali pake. Dai hilo hata kwa Kiingereza ni la mashaka, na kwa Kiswahili, ambamo silabi moja tumboni mwa neno ndiyo itajayo jambo limetendwa lini, na kwa nani, halifai kabisa. Alimpa, alinipa, alikupa, aliwapa: mtoto aliyezoeshwa kukisia neno kwa kuona mwanzo wake na picha iliyo pembeni, mali ya mtu mmoja ataipa mwingine.

Kwa hiyo anza na sauti na herufi. Bruce McCandliss wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2015, waliwafundisha watu wazima hati ya kubuni, maneno mengine kwa kuzingatia herufi na sauti zake, na mengine kwa sura nzima. Yale yaliyofundishwa kwa sauti yaliuamsha upande wa kushoto wa ubongo, ule wa msomaji mzoefu, na yale ya sura nzima yaliuamsha upande wa kulia. Nasi tuna bahati kubwa, kwa sababu hati yetu husema kweli: kila irabu ina sauti moja, na silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. Fundisha a, e, i, o, u hata zikae imara, kisha ma, me, mi, mo, mu, na mara tu mwanafunzi apatapo silabi chache, mwonyeshe kwamba zinajenga maneno ayajuayo: mama, mimi, mume. Usingoje amalize alfabeti yote ndipo apate neno lenye maana.

Lakini jihadhari na kuimba. Darasa zima linaweza kuimba ba, be, bi, bo, bu kwa sauti moja tamu, na nusu ya watoto wakawa wanatazama dirishani. Hapo wamejifunza wimbo, na ubongo haukupewa herufi hata moja ya kuiunganisha na sauti. Dawa yake ni nyepesi. Zionyeshe silabi bila utaratibu, bu, mi, ba, me, tena kwa fimbo inayoruka huku na huku, na umsikilize mmoja mmoja. Baada ya hizo zije zenye herufi mbili na zaidi za konsonanti, mb, nd, nj, ny, mw, kw, ch, sh, dh, th, gh, na uzikawilie sana ng na ng', kwani baina ya ngoma na ng'ombe kuna alama ndogo tu juu ya mstari, na jicho changa huipita bila kuiona. Mwanafunzi anapokwama katika neno, mwambie alihijai silabi kwa silabi kisha aliunganishe kwa pumzi moja. Usimtajie neno upesi, ila pia usimwache akwame hata moyo umvunjike.

Na unapomwandikia, ziandike herufi zako wazi hasa sehemu za juu. Chukua karatasi uufunike mstari huu nusu ya chini, ujaribu kuusoma. Kisha uufunike nusu ya juu. Edmund Huey alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1908 kuhusu kusoma: vichwa vya herufi hubeba habari nyingi kuliko miguu yake. Mwandiko ambao n na r ni kitu kimoja, au i haina kitone, humchosha mwanafunzi kabla hajaanza.

Liko kosa moja linalowatia wazazi hofu bure. Mtoto huandikiwa baba akasoma dada, au huiandika b ikatazama nyuma. Ubongo tangu zamani umezoea kwamba kitu hakibadiliki kwa kugeuka: chui akitazama kulia au kushoto ni chui yule yule, na ole wake aliyehitaji kufikiri mara mbili. Katika maumbo yote ya dunia ni herufi na jamaa zake chache tu zisizotaka sheria hiyo, na mtoto sharti aisahau kwa ajili yao. Kwa hiyo kugeuza herufi hata kufikia kadiri ya miaka saba ni jambo la kawaida, wala si ishara ya upumbavu. Usimfundishe b na d katika siku moja. Ikaze b kwanza kwa wiki kadhaa, baba, bibi, bata, babu, huku mkono ukizoea kuanza na mti wake ulio wima. Kisha ndipo ije d, ambayo mkono huanza na tumbo lake. Mkono utayatenga mambo ambayo jicho lingeyachanganya.

Mwanafunzi akivuka hapo, hukabiliwa na urefu wa maneno yetu. Waliponisomesha ni neno moja lenye herufi kumi na tano, nalo ni refu kuliko kile ambacho jicho huweza kukipambanua kwa kituo kimoja. Msomaji mzoefu halihesabu silabi kwa silabi. Hulipasua mahali pake pa asili, wa, li, po, ni, na mzizi som ukiwa katikati na mkia wake nyuma. Uhodari huu haufundishwi sana mashuleni, nami nasikitika, kwa sababu ndio unaomtenga mtoto asomaye kwa kigugumizi na yule asomaye kwa ufasaha. Mpe familia za maneno: soma, somo, msomaji, someka, somesha, wasomeshwao; umwambie apige mstari chini ya kile kisichobadilika. Kisha mwandikie safu ya maneno yanayotofautiana kwa silabi moja tu ya ndani, kama hatukusoma, hatujasoma, hatutasoma, ayasome na kukueleza kila moja lina habari gani. Hilo la kueleza usiliache. Kwa kuwa hati yetu ni nyepesi kutamkika, mtoto anaweza kuusoma ukurasa mzima kwa sauti bila kukosea na asiambulie maana hata chembe, na mwalimu akamsifu. Ukurasa ukiisha, muulize kilichotokea.

Baada ya misingi hii, kinachobaki ni wingi wa kusoma. Mwanafunzi anapolihijai neno jipya mwenyewe mara chache na kulipata sawasawa, ubongo hulihifadhi, na safari ijayo hulitambua bila kulihijai; ndivyo hazina ya msomaji inavyojengwa, neno kwa neno. Kwa sababu hiyo kifungu kilichosomwa leo kisomwe tena kesho na kesho kutwa, na maneno yaliyomkwaza yaandikwe pembeni yarudiwe. Vitabu viwe ambavyo maneno mengi anayaweza na machache yanamsumbua. Ama wale watangazao njia za kusoma kurasa nzima kwa kupepesa jicho, wasikupotezee fedha: umekwisha kuona kwamba jicho haliwezi kuzipambanua herufi zilizo mbali na kituo chake, na anayekimbia kupita hapo anaacha maana nyuma. Wala usipime idadi ya maneno kwa dakika kwa kipimo cha Waingereza, kwani neno moja letu laweza kufanya kazi ya maneno yao manne au matano.

Pengine utapata mwanafunzi ambaye, baada ya miezi ya mafunzo ya subira, angali hazishiki herufi na sauti zake, ilhali katika mazungumzo na mambo mengine ni mwerevu. Kwanza apelekwe hospitali apimwe macho na masikio. Yakiwa salama, yamkini ana disleksia, ambayo kwa watu wengi si ugonjwa wa macho bali ni uzito wa ubongo katika kuzipambanua sauti zilizo ndani ya maneno na kuzifunga na herufi, nao mara nyingi huonekana kwa zaidi ya mtu mmoja katika ukoo. Dawa yake ni mafunzo haya haya ya sauti na herufi, yakitolewa kwa hatua ndogo zaidi na marudio mengi zaidi: mchezo wa kukata maneno kwa masikio kabla ya kuyaandika, ka na pu ni nini, ukiondoa ma katika maji kunabaki nini, herufi moja kwa wiki badala ya tatu, mkono mchangani kila siku, na kusomewa hadithi kwa sauti na mtu mwingine, ili maarifa na msamiati wa wenzake visimpite wakati macho yake bado yanajifunza.